Mtu anayejitolea kutunza modi anawiwa nini na wachezaji?

MratibuWaModi ameuliza:

Salaam, wakuu. Mimi ni mmoja wa waratibu wa kikundi kinachotunza modi, yaani nyongeza inayoupa mchezo wa kompyuta maeneo, wahusika na kanuni ambazo watengenezaji wake hawakuziweka. Miongoni mwetu hakuna anayelipwa. Faili tunazigawa bure, msimbo uko wazi chini ya leseni ya GPL, inayomruhusu yeyote kuutumia na kuubadilisha, na maswali ya watumiaji huwa tunayajibu usiku, baada ya kumaliza kazi zinazotulisha.

Kinachotuelemea si wingi wa maombi, wala si ukosoaji, kwa kuwa taarifa ya hitilafu iliyoandikwa vizuri hutuokolea muda mwingi. Kinachotuelemea ni madai. Mchezo ukipata sasisho rasmi na modi ikaacha kufanya kazi, hazipiti saa nyingi kabla hatujaanza kuulizwa kwa nini tumelala, ni nani aliyempa fulani ruhusa ya kwenda likizo, na kama kazi imetushinda kwa nini tusiwaachie wanaoiweza. Mwenzetu aliyekuwa akishughulikia michoro ameondoka baada ya mtumiaji mmoja kumfuata hadi kwenye kurasa zake binafsi akimdai toleo jipya.

Kikundi sasa kimegawanyika. Wapo wanaotaka ukurasa wa maombi ufungwe kabisa. Wapo wengine, na hawa nawaheshimu sana, wanaosema kwamba mtu akishaiweka kazi yake hadharani na kuwazoesha watu kuitegemea, amejifunga kwao hata kama hakutia saini popote. Naomba mnisaidie kufikiri: anayejitolea anawiwa nini na watumiaji wake, na mipaka tuiweke wapi bila kuwafukuza wale wanaotusaidia kwa dhati? Nawasilisha.

MtunzaJalizi amejibu:

Ndugu Mratibu, kisheria swali lako lina jibu fupi. Leseni ya GPL inatamka wazi kwamba programu hutolewa jinsi ilivyo, bila dhamana ya aina yoyote, na kwamba hatari yote kuhusu ubora na utendaji wake ni ya anayeitumia. Kila anayepakua faili zenu amezipata kwa masharti hayo. Hata hivyo, sijapata kuona mdai aliyetulia kwa kuonyeshwa kifungu cha leseni, na mwenzenu wa michoro hakuondoka kwa sababu ya sheria, kwa hiyo tusiishie hapo.

Nimetunza programu jalizi za michezo, yaani programu ndogo zinazochomekwa ndani ya mchezo, kwa muda mrefu, na naamini kwamba sehemu kubwa ya lugha hii ya kudai hutokana na mchezaji kutoona kazi iliyofichika nyuma ya kitufe cha kupakua. Yeye huona kwamba jana ilifanya kazi na leo haifanyi, akahitimisha kuwa kuna mtu amezembea. Tuchukue mfano unaojulikana. Tarehe 11 Novemba 2021 kampuni ya Bethesda ilitoa toleo la maadhimisho la mchezo wake wa Skyrim, na programu kuu ya mchezo ilikuwa imejengwa upya kwa zana mpya. Nyongeza ya SKSE, ambayo modi nyingi huitegemea, hufanya kazi kwa kujiunganisha na sehemu mahususi za programu hiyo ikiwa ndani ya kumbukumbu ya kompyuta. Programu ilipojengwa upya, anwani za sehemu hizo zilihama, hivyo waandishi wa SKSE pamoja na waandishi wa programu jalizi zilizojengwa juu yake walilazimika kuzitafuta tena na kuandika upya kile ambacho hakikuwa na kosa lolote. Hakuna aliyekuwa amezembea. Vivyo hivyo, kikundi kilichotengeneza Fallout: London, modi kubwa ya mchezo wa Fallout 4, kiliahirisha kazi yake, iliyokuwa imepangwa kutoka tarehe 23 Aprili 2024, kwa sababu sasisho kubwa la Fallout 4 lilitangazwa kutoka siku mbili tu baada ya tarehe hiyo, ikatoka tarehe 25 Julai, bure kama ilivyoahidiwa.

Kwa hiyo pendekezo langu la kwanza ni kwamba juu kabisa ya ukurasa wenu, kabla ya picha na kabla ya sifa, pawe na maneno yanayosema modi imejaribiwa na toleo gani la mchezo, haijajaribiwa na lipi, na kwamba anayetaka utulivu azuie mchezo wake usijisasishe wenyewe. La pili, ukurasa wa taarifa za hitilafu udai namba ya toleo, orodha ya modi nyingine zinazotumika, na faili ya kumbukumbu ya makosa. Taarifa isiyokuwa na vitu hivyo ifungwe bila mabishano na bila matusi. Utashangaa ni kelele kiasi gani hukoma pale mtu anapotakiwa kufanya kazi kidogo kabla ya kudai kazi ya mwenzake.

Kuhusu yule aliyemfuata mwenzenu kwenye kurasa zake binafsi, huyo msimhesabu katika mjadala wa mahitaji ya watumiaji. Huo ni usumbufu, na dawa yake ni kumzuia siku hiyo hiyo, kwa uamuzi wa kikundi kizima, ili aliyesumbuliwa asibebe peke yake mzigo wa kumfukuza. Kuchelewa kuna gharama. Januari 2023 mwandishi wa AetherSX2, programu iliyowezesha michezo ya PlayStation 2 kuchezwa kwenye simu za Android, alisimamisha kazi yake akitaja watu waliojifanya yeye, malalamiko na madai yasiyokwisha, na hatimaye vitisho vya kuuawa. Programu ile ilikuwa ya bure. Waliopoteza ni wachezaji wote, wakiwamo wale ambao hawakuwahi kumtamkia neno baya.

MchezajiTu amejibu:

Nakubaliana na MtunzaJalizi kuhusu usumbufu, na sina neno la kumtetea mtu anayemtishia mwenzake kwa sababu ya mchezo. Lakini naomba upande wa wachezaji nao usikilizwe, kwa maana ni rahisi sana kutuweka wote katika kapu la shukrani ya punda na kusahau kwamba nasi huchangia. Anayepakua toleo la majaribio, akapoteza hifadhi ya mchezo wake, akarudia hatua zote ili kugundua modi zipi mbili zinazogombana, kisha akaandika taarifa ndefu, huyo naye amejitolea. Hakulipwa, na jina lake mara nyingi haliandikwi popote. Mkiufunga ukurasa wa maombi mtamfungia yeye pamoja na mpiga kelele, na mpiga kelele atapata mlango mwingine.

Nionavyo mimi, hamtuwii kazi, ila mnatuwia ukweli. Kama modi inaweza kuharibu hifadhi za mchezo, tuambiwe kabla ya kupakua. Kama mwandishi amechoka na hana nia ya kuendelea, aandike hivyo badala ya kuahidi toleo lijalo mwezi baada ya mwezi. Haya hayachukui muda mwingi, na ndiyo yanayomwezesha mchezaji kuamua mwenyewe kama ataendelea kuitegemea kazi hiyo.

Lipo pia jambo gumu zaidi, nalo ni kuondoa kazi ambayo wengine wamejenga juu yake. Mwaka 2021 tovuti ya Nexus Mods ilitangaza kwamba faili zilizokwisha kupakiwa hazitafutwa tena moja kwa moja bali zitahifadhiwa, ili mikusanyiko ya modi isivunjike mwandishi mmoja anapoamua kuondoka. Waandishi walipewa takriban mwezi mmoja kuomba kazi zao za zamani zifutwe, na baadhi waliondoa kazi zao kwa hasira. Niliwaelewa, kwani kanuni ilibadilishwa wakati kazi zao zilikuwa tayari mikononi mwa tovuti. Hata hivyo nadhani kwenye msingi wenyewe tovuti ilikuwa na hoja. Mwandishi yuko huru kabisa kuacha kuendeleza kazi yake, lakini kuifuta kazi ili kumkomoa mdai mmoja kunawaadhibu maelfu ambao hawamjui. Ninyi mnaotumia GPL mmekwisha kulitatua hili, kwa kuwa yeyote anaweza kuinakili kazi na kuiendeleza kwa masharti yaleyale.

Na tafadhali msichanganye mambo pesa inapoingia. Anayepokea michango ya kila mwezi kwa ahadi ya toleo la mapema ametoa ahadi, na aliyelipa ana haki ya kuuliza iko wapi. Mwaka 2022 kampuni ya EA ilifafanua kwamba modi za mchezo wake wa The Sims 4 ni lazima hatimaye zitolewe bure, huku waandishi wakiruhusiwa kuwapa wachangiaji nafasi ya mapema kwa muda unaofaa tu. Kanuni ya namna hiyo hulinda pande zote mbili.

MsomaKumbukumbu amejibu:

Wenzangu mmejadili mwandishi na mchezaji, ilhali mwenye faida kubwa kuliko wote hajatajwa. Counter-Strike ilianza mwaka 1999 kama modi ya Half-Life, mchezo wa kampuni ya Valve. Valve iliinunua na kuitoa kama bidhaa yake mwaka 2000. DotA nayo ilizaliwa kama modi ya mchezo wa Warcraft III. Kampuni zimefaidika kwa miongo kadhaa kutokana na watu wanaorefusha uhai wa michezo yao bila mshahara, na mchezaji aliyeulipia mchezo huona modi kama sehemu ya alichonunua. Sasisho la kampuni likivunja kitu, hasira huenda kwa mtu aliye karibu na anayejibu ujumbe. Huyo ni mtu wa kujitolea.

Aprili 2015 Valve na Bethesda ziliruhusu modi za Skyrim ziuzwe kupitia Steam, duka la mtandaoni la Valve, mwandishi akipata asilimia 25 ya bei. Mpango huo ulifutwa baada ya siku chache kwa sababu ya upinzani mkali wa wachezaji. Kinachonisikitisha hadi leo ni kwamba matusi mengi yaliwaangukia waandishi walioshiriki, si kampuni mbili zilizogawana asilimia 75 iliyobaki.

Hali haikuwa tofauti kwa wanaosimamia jumuiya. Mwaka 2000 waliokuwa washauri wa kujitolea wa mchezo wa Ultima Online waliwashtaki wamiliki wake wakidai mishahara, na kesi kama hiyo dhidi ya kampuni ya intaneti ya AOL, iliyofunguliwa mwaka 1999, ilimalizika kwa malipo ya dola milioni 15. Watafiti waliopima kazi ya wasimamizi wa kujitolea wa Reddit, tovuti ya mijadala, walikadiria mwaka 2022 kwamba kwa wote pamoja hufikia angalau saa 466 kwa siku, yenye thamani ya dola milioni 3.4 kwa mwaka. Hiyo ni kazi halisi, na kampuni huipata bure.

Naongeza onyo moja kutoka nje ya michezo, kwa sababu Mratibu ametaja watu wanaosema "tuachieni sisi". Mwaka 2022 akaunti zisizojulikana zilimbana mtunzaji pekee wa xz, programu ya kubana faili inayotumika katika mifumo mingi ya Linux, zikimlaumu kwa kuchelewa na kumtaka akabidhi kazi kwa mwingine. Aliyepata nafasi hiyo alijiita Jia Tan, na mwezi Machi 2024 mhandisi wa programu Andres Freund aligundua kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yalikuwa na mlango wa siri wa kuingilia mifumo bila ruhusa. Modi nazo huendeshwa ndani ya kompyuta za watu. Msimkabidhi mtu funguo za mradi kwa sababu tu amepiga kelele kuliko wengine.

MratibuWaModi amejibu:

Nawashukuru nyote kwa dhati. Nimeyapeleka majibu yenu kwa wenzangu, na tumekubaliana kwamba ukurasa wa maombi hautafungwa. Taarifa za hitilafu zitapokelewa kwa fomu kama alivyoeleza MtunzaJalizi, majina ya walioripoti vizuri yataandikwa katika orodha ya wachangiaji ya kila toleo, na uamuzi wa kumzuia msumbufu utatolewa kwa jina la kikundi. Hoja ya MchezajiTu kwamba tunawawia ukweli imebadilisha mjadala wetu kuliko nilivyotarajia: tumeona kwamba orodha yetu ya mambo yajayo ina ahadi ambazo hakuna aliyepangiwa kuzitekeleza, na hizo zinaondolewa leo.

Bado hatujaafikiana kuhusu namna ya kumkabidhi mtu mpya haki za kutoa matoleo. Baadhi yetu wanataka kila badiliko lipitiwe na watunzaji wawili, na wengine wanahofia kwamba kwa uchache wetu kazi itasimama. Kama yupo hapa ambaye kikundi chake kidogo kimeweza kufuata utaratibu huo bila kukwama, naomba aeleze walivyougawa muda.