Rivolva: nikivuta triga bila kukoki nyundo, risasi zinaenda chini kushoto

Mkono_Mzito: Wakuu habari, naomba msaada. Nina rivolva ya risasi sita, nikikoki nyundo kwanza kwa dole gumba napiga vizuri tu mita 10, matundu yanakaa pamoja. Ila nikivuta triga moja kwa moja iinyanyue nyundo yenyewe, zote zinashuka chini kushoto. Natumia mkono wa kulia. Nimejaribu kuvuta mpaka silinda, ile ya kubebea risasi, izunguke na kujifunga, natulia kidogo, nalenga upya halafu namalizia, bado tu.

BabuSilinda: Hapo unapotulia ndipo unapoharibu mkuu. Ukisimama katikati, jicho linaona umelenga sawasawa, akili inasema "sasa!", kidole kinashtuka na kiganja chote kinakaza, mtutu unainama. Vuta mwendo mmoja, kasi ile ile toka mwanzo mpaka nyundo ianguke, usiongeze usipunguze. Ile ncha ya mbele unayolengea itacheza kidogo, iache icheze, wewe endelea kuvuta. Halafu triga hiyo ina uzito wa kama kilo 5, ukikoki haifiki hata nusu yake, sasa ukiivuta kwa ncha ya kidole lazima uhangaike. Ingiza kidole mpaka kiungo cha kwanza, na shika mpini juu kabisa.

Dada Shabaha: Naongezea, mazoezi makavu. Toa risasi zote, kagua kila tundu la silinda kwa macho na kwa kidole, risasi peleka chumba kingine kabisa, elekeza kwenye ukuta ambao risasi haiwezi kupenya. Weka sarafu juu ya mtutu, vuta. Mimi ilinidondokea wiki nzima jamani, sikuacha. Ila kama rivolva yako ni ya risasi ndogo za .22 usifyatue tupu, pini ya kufyatulia inagonga ukingo wa tundu, tumia risasi bandia.

Mkono_Mzito: Asanteni sana. Nimefanya leo, sarafu imekaa mara 4 kati ya 10, na zile 4 ni zile ambazo sikusimama kabisa. Sasa nikijaribu haraka haraka triga inakwama, inakuwaje?

BabuSilinda: Huirudishi mpaka mwisho. Iachie iende mbele yote kabla ya kuvuta tena, kidole kisibanduke. Ukiikatisha njiani ndio inakwama hivyo, au silinda inazunguka na kuruka risasi ambayo haijapigwa. Kurudi nako kufanyie mazoezi, wengi wanasahau.