Wanatuuzia sheria ya Algeria iliyopitwa na wakati, na pesa hawarudishi

Wakuu, nimeshindwa kukaa kimya.

Natafiti umri wa kuoa na kuolewa. Upande wa kwetu Tanzania sikupata shida: kesi ya mwanaharakati Rebeca Gyumi ilifika Mahakama ya Rufani, 2019 vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa vikaonekana vinakiuka Katiba, na hukumu unaisoma bure kwenye TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, hata kwa simu. Nikasema nilinganishe na Algeria.

Kuna kampuni ya nje inauza kanzidata ya sheria za Afrika Kaskazini. Nikalipa dola 60 za mwezi mmoja, pesa niliyoipata kwa kuchapa kazi za watu steshenari. Nikafungua Sheria ya Familia, kifungu cha 7: mwanamume miaka 21, mwanamke 18. Hakuna alama yoyote wala tarehe. Nikaandika kurasa kumi na moja juu ya tofauti hiyo ya miaka mitatu. Msimamizi wangu aliposoma aliuliza kitu kimoja tu: "Marekebisho ya 2005 umeyaona?"

Sikuwa nimeyaona, kwa sababu niliowalipa hawakuyaweka! Kile kilikuwa kifungu cha Sheria namba 84-11 ya mwaka 1984. Tarehe 27 Februari 2005 ilitoka Amri namba 05-02, umri ukawa miaka 19 kwa wote wawili, na jaji anaweza kuruhusu chini ya hapo kwa sababu ya maslahi au dharura. Miaka yote hii mtu anauza maandishi yaliyokufa! Nilipowaandikia wakanijibu kwamba masharti yao yanasema hawawajibiki kwa usahihi wa yaliyomo. Sasa nililipia nini?

Na maandishi sahihi yako bure. Sekretarieti Kuu ya Serikali ya Algeria ina tovuti, joradp.dz, yenye gazeti rasmi la serikali kwa Kiarabu na Kifaransa, pamoja na Sheria ya Familia iliyounganishwa na marekebisho, maneno ya zamani yakiwa chini ya ukurasa. Ila kuifikia ni kazi. Magazeti ya zamani ni picha zilizoskaniwa, ukitafuta neno halipatikani. Lazima ujue mwaka na namba ya toleo. Amri ya marekebisho nayo inakupa vifungu vilivyobadilika tu, vingine ukavitafute mwenyewe kwenye sheria mama. Wanaosoma Kifaransa muangalie jalada: limeandikwa TRADUCTION FRANÇAISE. Ni tafsiri. Kiarabu ndicho chenye neno la mwisho, kwa hiyo nimelazimika kumwomba ustadh wa mtaani kwetu anisomee kifungu cha 7 neno kwa neno. Mungu ambariki mzee yule, alikaa na mimi kuanzia Alasiri mpaka Magharibi.

Mliolipia kanzidata ya namna hiyo, fungueni kifungu cha 7 sasa hivi. Mkikuta 21 na 18, daini pesa zenu. Mimi nimepeleka malalamiko benki na sirudi nyuma.

Na kama kuna mwenye hukumu za Mahakama ya Juu ya Algeria kuhusu ruhusa ya jaji kwa walio chini ya miaka 19, hata kwa Kiarabu, aweke hapa. Kifungu cha 222 cha Sheria ya Familia kinampeleka jaji kwenye Sharia ya Kiislamu pale sheria inaponyamaza, hivyo bila hukumu siwezi kujua wanaamuaje. Nina wiki mbili tu.