Besi ya bure huku mkimbiaji yuko besi ya tatu: kocha alikosea wapi?

Kondele_Besi4

Wenye kuujua mchezo huu naomba mnisaidie. Besiboli ya watoto wa miaka 11 na 12, kanuni za Little League (shirika la Marekani la besiboli ya watoto), uwanja wa shule hapa Kisumu. Wageni wanaongoza 5-4, nusu ya pili ya inningi ya 6 (inningi ni zamu moja ya kupiga kwa kila timu), ndiyo ya mwisho. Auti 1 (wapigaji watatu wakitolewa, zamu inakwisha). Wenyeji wana mkimbiaji besi ya pili na mwingine besi ya tatu, na anayekuja kupiga ndiye mkali wao. Mrushaji wa wageni amesharusha mipira 62.

Kocha wa wageni alifanya mambo matatu mfululizo. Alimwambia mwamuzi mpigaji huyo apewe besi ya kwanza bila kurushiwa. Akamtoa mrushaji. Kisha akamleta mdakaji wake (anayekaa nyuma ya mpigaji), aliyedaka tangu inningi ya 1, aje kurusha. Mpigaji aliyefuata akapata boli nne (mirusho minne ya nje, anapewa besi ya kwanza), mkimbiaji wa besi ya tatu akasukumwa nyumbani, yaani besi ya mwisho anapopata alama, 5-5. Mpira uliofuata ukampita mdakaji mpya, mechi ikaisha 6-5. Wazazi pembeni wakasema kocha kauza mechi.

Kosa lilikuwa lipi kati ya hayo matatu? Na tukiwa hapo: inningi ya 3, hakuna auti, mkimbiaji besi ya kwanza, kocha huyohuyo alimwagiza mpigaji wake wa nne, nafasi ya mkali, apige banti (kuugusa mpira taratibu, mpigaji atoke ili mkimbiaji asogee besi moja). Hilo nalo mnalionaje?

Mwamuzi_Lurambi

La tatu si kosa la mbinu, ni kuvunja kanuni. Mtoto aliyedaka inningi 4 au zaidi haruhusiwi kurusha siku hiyo. Akidaka hata mpira mmoja tu wa inningi ya 4, tayari imehesabiwa. Kinyume chake pia kipo: mrushaji aliyefikisha mipira 41 hawezi kwenda kudaka siku hiyo. Kocha wa wenyeji angelalamika papo hapo, mtoto angeondolewa pale katikati. Mwandishi wa matokeo awe na safu mbili kwenye karatasi yake, ya mipira iliyorushwa na ya inningi za kudaka, na makocha wote wawili walinganishe kila inningi inapoisha.

La kwanza msilihukumu haraka. Lina faida ambazo wazazi hawazioni kutoka kwenye nyasi.

Besi zikijaa, mpira wa chini ukipigwa kila mkimbiaji analazimika kukimbia, kwa hiyo nyumbani hakuna haja ya kumgusa kwa mpira. Mdakaji anakanyaga tu nyumbani akiwa na mpira mkononi. Kwa watoto hilo ni jambo kubwa, maana kumgusa mtu anayeteleza kwa kasi ndipo mpira unapodondoka.

Halafu kuna straiki ya tatu isiyodakwa (straiki ni mrusho ulioingia eneo la kupigia au ambao mpigaji aliukosa; tatu ni auti). Umri huu kanuni hiyo inatumika (kwa wadogo zaidi haitumiki). Besi ya kwanza ikiwa wazi, mpigaji anaweza kukimbia mpira ukimponyoka mdakaji. Mdakaji akirusha kwenda besi ya kwanza, wa besi ya tatu anaingia. Besi ya kwanza ikiwa na mtu na auti hazijafika 2, mpigaji ni auti hata mpira ukidondoka.

Tena alama ya mpigaji aliyepewa besi haina maana yoyote. Wa besi ya pili ndiye alama ya ushindi tayari. Akiingia, mechi imekwisha, awepo mtu nyuma yake asiwepo.

Hesabu_Lanet

Mwamuzi, yote hayo ni kweli ikiwa anayerusha anaweza kupata straiki. Tuchukue mpigaji anayesimama tu bila kupiga, na umri huu makocha wengi huwaagiza hivyo hasa wakiona mrushaji amechoka. Mrushaji akipata straiki 6 katika kila mipira 10, uwezekano wa boli nne ni asilimia 18. Akipata 5, ni asilimia 34. Akishuka hadi 4, ni asilimia 54, yaani umerusha shilingi hewani, na shilingi yenyewe imepinda upande wa mpinzani. Besi zikiwa zimejaa, boli nne ni alama.

Kwa hiyo kabla ya kunyanyua mkono kwa mwamuzi, angalia karatasi: mipira 15 ya mwisho, straiki ngapi? Zikiwa 9 au zaidi, jaza besi. Zikiwa chini ya 8, mwache mkali apige, maana hata mkali hupiga mpira ukaenda moja kwa moja mikononi mwa mtu. Kocha huyu alijaza besi kisha akamleta mtoto ambaye siku nzima hajarusha hata mpira mmoja wa kumpima. Hapo ndipo alipopoteza mechi. Hakuwa na hesabu yoyote ya kutegemea.

Kondele_Besi4

Asante. Lakini si angemrushia mkali nje nje tu, asipate wa kupiga, bila kutangaza besi ya bure?

Mwamuzi_Lurambi

Kwa watu wazima sawa. Kwa miaka 12 hiyo ni mbaya kuliko zote. Mpira wa nje na wa chini ndio unaompita mdakaji, na mtu yuko besi ya tatu. Ukitangaza, mpira umekufa (mchezo umesimama), hakuna anayesogea ila wa kusukumwa na aliye nyuma yake. Kumbuka tu kwamba mipira 4 inaongezwa kwenye hesabu ya mrushaji ingawa hakuirusha.

Mwalimu_Shabab

Hiyo mipira 4 ndiyo inayoeleza kwa nini mrushaji alitolewa, na hapo namtetea kocha. 62 na 4 ni 66. Kwa walio chini ya miaka 15, mipira 51 hadi 65 ni mapumziko ya siku 3, 66 na kuendelea ni siku 4. Ila anayefikia ngazi ya mapumziko akiwa katikati ya mpigaji mmoja anahesabiwa ngazi ile ile (hapa 65, siku 3), mradi atolewe kabla ya kumrushia mpigaji mwingine. Aliyerusha Jumamosi akibaki na siku 3 anarudi Jumatano. Zikiwa 4, Alhamisi. Kama kuna mechi Jumatano, kumtoa ni akili. Kama hakuna, angemwacha: kikomo cha siku kwa miaka 11 na 12 ni 85, alikuwa na nafasi ya wapigaji watatu au wanne.

Kasoro ni kutoandaa mrithi. Mrushaji wa pili aanze kupasha mkono pembeni mara wa kwanza anapofika 50, na anayempokea avae barakoa ya mdakaji. Kutoka benchi anapewa mipira 8 tu ya kujiandaa. Mkono wa mtoto uliokaa hauamki kwa mipira 8.

Kuhusu banti, jibu ni fupi. Hata kwa wachezaji wa kulipwa Marekani, mkimbiaji besi ya kwanza bila auti huzaa wastani wa alama kama 0.85, na besi ya pili kwa auti 1 kama 0.65. Umelipa ukapata pungufu. Kwa watoto ni hasara zaidi, kwa sababu besi ya pili huwa inakuja bure: mkimbiaji haruhusiwi kuondoka mpaka mpira umfikie mpigaji, lakini ukimpita mdakaji anatembea. Banti mpe mpigaji wa tisa asiyeweza kugusa mpira, si wa nne.

Hesabu_Lanet

Niongeze mahali pa kusimama besi zikishajaa, auti 1, unaongoza kwa 1. Wote wanne wa ndani (walinzi walio karibu na besi) wasogee mbele hadi kwenye mstari wa besi, na kila mpira wa chini uende nyumbani kwanza. Wasahau auti mbili kupitia besi ya pili. Kurusha mara mbili mfululizo chini ya presha, watoto wachache wanaiweza. Wa nje (walinzi wa nyuma) waje karibu, pale ambapo mkono wao unafika nyumbani kwa mdundo mmoja.

Uwanja pia una neno. Kisumu msimu wa mvua ndefu nyasi zinaua mpira, ongeza hatua mbili mbele. Murram kavu ya huku Nakuru, rudi mbili nyuma, mpira unadunda kwenye kijiwe na kupanda usoni.

Mwamuzi_Lurambi

Na mpira wa mwisho ule uliompita mdakaji: nyuma ya nyumbani palikuwa na wavu? Viwanja vingi vya shule havina. Nyavu za uvuvi zilizochakaa zinafaa, mradi jicho lisizidi sentimita 5 (mpira ni kama 7.3) na ziachwe zikilegea, zikivutwa sana mpira unarudi uwanjani. Msipoipata, kubalianeni kabla ya kuanza: ukivuka mstari uliochorwa nyuma ya mdakaji, kila mkimbiaji besi moja tu.

Kondele_Besi4

Haukuwepo. Palikuwa na ua wa michongoma, mita 15 hivi nyuma.