Naomba ushauri: kofia nyeupe inatoka kijivu, na mradi wangu wa picha hausemezani na majaribio

NuruYaDirishani (Mombasa)

Assalamu alaykum na salamu kwa wanajukwaa wote. Ninasomea upigaji picha katika chuo kimoja hapa Mombasa. Muhula huu tumetakiwa kuwasilisha kazi mbili: mradi wa ubunifu wenye mada moja, na daftari la majaribio ya kiufundi litakaloonyesha kwamba mwanafunzi anaelewa apecha (upana wa tundu la lenzi; namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), kasi ya shata (muda ambao mwanga unaruhusiwa kuingia), ISO (uwezo wa kamera wa kuhisi mwanga) na tabia ya mwanga. Kwa mradi nimechagua ushonaji wa kofia za mkono, kwa kuwa bibi yangu na shangazi zangu wanashona katika nyumba yetu ya Mji wa Kale tangu nilipopata akili. Kwa daftari, nimekuwa nikipiga picha chupa, matunda na funguo juu ya meza.

Yanayonisumbua ni haya. Kofia nyeupe hutoka kijivu kila ninapoiachia kamera iamue yenyewe, na nikiongeza mwangaza baadaye kwenye kompyuta, nyuzi na vitundu hupotea, ikabaki nyeupe tupu isiyo na nakshi. Tena bibi hataki uso wake upigwe picha, na shangazi mmoja naye hataki, nami sina nia ya kuwashurutisha. Zaidi ya yote, naona mradi uko upande wake na daftari upande wake, na daftari lenyewe limekuwa kavu kiasi kwamba hata mimi sitamani kulifungua.

Nina kamera ya zamani ya Canon, lenzi ya milimita 18 hadi 55, lenzi nyingine ya milimita 50 inayofunguka hadi f/1.8, na stendi ya miguu mitatu ya kuazima. Sina flashi. Naomba mnielekeze.

FundiWaTanga

Wa alaykum salaam, dada. Nianze na hilo la kijivu, kwa sababu si hitilafu ya kamera yako. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera hakijui kwamba kilicho mbele yake ni kofia. Hukadiria kwamba eneo linalopimwa, kwa wastani, ni kijivu cha kati, kile ambacho kwa desturi hutajwa kuwa kinarudisha asilimia 18 ya mwanga. Kikikutana na kitambaa cheupe kilichojaza picha, huona mwanga umezidi na kuupunguza; kikikutana na buibui jeusi, huona mwanga haujatosha na kuuongeza. Ndiyo maana mtu mwenye ngozi nyeusi akisimama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa hutoka giza tupu, ilhali ukuta unatoka wa wastani.

Jithibitishie mwenyewe kwa karatasi tatu za manila: nyeupe, nyeusi na ya kijivu. Ijaze kila moja kwenye picha, chini ya mwanga uleule, huku kamera ikiamua yenyewe. Zote tatu zitatoka na mwangaza unaokaribiana sana. Kisha weka kamera kwenye hali ya Av, ambapo wewe unachagua apecha nayo inachagua kasi ya shata, ipige ile nyeupe tena ukiongeza mwangaza kwa hatua moja (yaani mwanga mara mbili), moja na nusu, na mbili, na kila mara uitazame histogramu, ule mchoro unaoonyesha giza kushoto na weupe kulia. Mahali ambapo kilima cha histogramu kinakaribia ukingo wa kulia bila kuugonga ndipo weupe wa kofia yako ulipo. Piga kwa faili za RAW, yaani zile ambazo kamera haijazichakata, kwani nakshi iliyoungua kwa mwanga kupita kiasi hairudishwi na programu yoyote.

MzeeWaChumbaChaGiza (Unguja)

Mwanangu, Fundi amesema kweli kuhusu kipimo, lakini hata ukipata mwangaza sahihi bado unaweza kupata kofia isiyo na nakshi. Nyeupe juu ya nyeupe haina rangi ya kuitenganisha. Kinachoonekana ni kivuli tu, na uzi uliotuna juu ya kitambaa hutoa kivuli iwapo mwanga unaupitia kwa ubavu. Mwanga unaotoka nyuma ya mpiga picha hufuta kazi yote ya bibi yako.

Nyumba za mawe za Mji wa Kale zina kuta nene na madirisha machache, jambo ambalo wapiga picha wengi hulilalamikia bila kufikiri, kwa maana dirisha moja katika chumba chenye giza ndiyo taa bora kwa kazi hii. Weka kofia karibu na dirisha ambalo jua haliingii moja kwa moja, kamera usiisogeze, ISO na apecha zibaki vilevile, kisha ugeuze kofia kidogo kidogo mpaka mwanga uteleze juu yake. Ubavuni upande wa pili simamisha manila nyeusi, nayo itazuia mwanga unaorudi kutoka ukutani na kukoleza vivuli. Ukiona vimekolea mno, badilisha kwa nyeupe. Angalia pia rangi ya ukuta na nguo za waliokaa karibu. Kanga nyekundu iliyo mita moja kutoka kwenye kofia itaitia kofia wekundu, na utahangaika na mizani ya rangi bila kujua chanzo chake.

Hizo chupa na funguo achana nazo. Mwalimu alizitoa kama mfano, sidhani kama ni amri.

MwalimuWaFizikia (Mbeya)

Naomba nichangie jambo ambalo huenda aliyeanzisha mjadala huu ameliona kila siku asilipe uzito. Kila kitundu cha kofia ni kamera. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra na kufanya kazi Kairo katika karne ya 11, aliandika kuhusu mwanga unaopita katika tundu dogo na kupatwa kwa jua kunakoonekana ukutani kwa njia hiyo. Wakati wa kupatwa kwa jua kwa tarehe 1 Septemba 2016, watu walipokusanyika Rujewa, huku mkoani Mbeya, nafasi zilizo kati ya majani ya miti zingeweza kumwonyesha mtu yeyote jambo hilohilo chini ya miguu yake.

Shikilia kofia juani, juu ya karatasi nyeupe, kwa umbali wa sentimita chache: utaona umbo la kila kitundu. Iinue polepole, na madoa yatakuwa duara, kwa sababu sasa unachokiona si umbo la kitundu bali ni taswira ya jua lenyewe. Kipenyo cha taswira hiyo hukaribia umbali wa kutoka kofia hadi karatasi ukigawanywa kwa 107, yaani kwa mita moja utapata takriban milimita 9, ukiongeza kidogo kwa upana wa kitundu. Kwa kuwa vitundu vya kofia vimekaribiana, madoa yatapandana. Ziba vingi kwa utepe wa karatasi, uache vichache vilivyo mbalimbali. Piga picha katika umbali tofauti na uandike vipimo. Hapo una ukurasa wa daftari na picha ya mradi kwa wakati mmoja. Jua lenyewe usilitazame wala usilielekezee lenzi.

BintiPemba

Dada yangu, kuhusu bibi, nimefurahi kwamba hukutafuta ujanja wa kumpiga kwa siri. Mimi naona katazo lake limekusaidia, kwani limekulazimisha utafute namna nyingine ya kumwonyesha.

Jaribu sayanotaipu, mbinu iliyobuniwa na John Herschel mwaka 1842 na isiyohitaji kamera. Unayeyusha gramu 25 za feriki amonia sitreti katika mililita 100 za maji, na gramu 10 za potasiamu ferisianidi katika mililita 100 nyingine. Kila kimoja unakihifadhi kwenye chupa yake isiyopitisha mwanga. Siku ya kazi unachanganya kiasi sawa, unapaka kwenye karatasi nzito ndani ya chumba chenye mwanga hafifu wa balbu, na unaiacha ikauke kabisa. Vaa glavu, vyombo hivyo visirudi jikoni, na potasiamu ferisianidi isikaribiane na asidi kali, kwa maana inaweza kutoa gesi ya sumu.

Kofia iliyokamilika hailali bapa. Muombe shangazi ule ukanda wa pembeni kabla haujaunganishwa na duara la juu, uulaze juu ya karatasi, katikati pawe na plastiki nyembamba angavu ili dawa isiguse kazi yake, na juu yake kioo. Panapopita mwanga pataiva bluu, kwa hiyo vitundu vitatoka kama nukta za bluu iliyokolea na kitambaa kitaacha weupe au bluu hafifu. Kwa jua letu la mchana anza na dakika 5, kisha 10, kisha 20. Suuza kwa maji matupu hadi umanjano uishe, bila sabuni, kwa sababu sabuni huifubaza bluu.

KijanaWaStudio

Kwa heshima zote, mimi sikubaliani. Mtahini anataka kuona kama mwanafunzi anaimudu kamera. Madoa ya jua na karatasi za bluu ni mapambo, na mteja anayelipa hataki mapambo.

MzeeWaChumbaChaGiza

Kijana, marehemu Omar Said Bakor, mpiga picha wa Lamu, alikuwa na wateja, na jina lake limebaki kwa sababu ya picha alizozikata, akaziunganisha na kuzichezea kwa kila njia. Hata hivyo unayo hoja: karatasi ya bluu isiwe kisingizio cha kukwepa kujifunza shata. Ziwemo zote.

NuruYaDirishani

Shikamoo Mzee, na ahsanteni nyote. Nimeamua kwamba kila ukurasa wa daftari utaanza na jambo lililonishinda kwenye kofia, halafu jaribio, halafu picha. Bibi amekubali mikono yake ipigwe. Swali lililobaki: nataka mkono wenye sindano uonekane ukienda, lakini kofia itulie. Nikipunguza kasi ya shata, picha inakuwa na mwanga kupita kiasi au vyote vinatikisika.

FundiWaTanga

Tumia stendi, na umwombe bibi aegemeze kofia kwenye mto uliowekwa magotini, ili kinachosogea kiwe mkono peke yake. Ikiwa chumba kinakupa 1/60 kwa f/4, shuka hatua tatu hadi 1/8 na ufunge apecha hatua tatu hadi f/11. Mwanga utabaki uleule. Utapata na faida ya pili, kwamba kwa f/11 sehemu kubwa zaidi ya kofia itaonekana bila ukungu kuliko kwa f/4. Anza na 1/15, kisha 1/8, kisha 1/4, kila mara ukisubiri sindano ipite kitambaani na uzi uanze kuvutwa, kwa kuwa hapo ndipo mkono husafiri mbali zaidi. Shata ifyatue kwa kipima muda cha sekunde mbili, ili kidole chako kisiitikise kamera. Kwa kuwa sekunde hizo mbili zitakupita na mshono, mwombe bibi aendelee kushona kwa mwendo wake wa kawaida, nawe upige mfululizo.