Biskuti za sikukuu: gumzo la kikundi cha familia

Neema: Shikamooni wakubwa wote. Jumamosi naoka zile biskuti za matunda na chokoleti za sikukuu. Shangazi Rehema naomba vipimo, lakini vya gramu, si vikombe.

Shangazi Rehema: Marahaba mwanangu. Umefanya vizuri kutaja gramu. Kikombe cha unga ukikichovya moja kwa moja kwenye mfuko unapata kama gramu 150, ukiujaza unga kwa kijiko taratibu unapata 120. Kwa vikombe vitatu hiyo ni tofauti ya gramu 90, biskuti zinatoka kavu na watu wanailaumu oveni.

Shangazi Rehema: Andika. Siagi isiyo na chumvi 225. Sukari ya kahawia 200, nyeupe 100. Mayai 2. Unga wa ngano wa kawaida 340. Bekingi soda kijiko 1 cha chai, kisawazishe kwa kisu. Chumvi nusu kijiko cha chai. Vanila vijiko 2 vya chai. Mdalasini kijiko 1, kungumanga robo kijiko. Maganda ya chungwa moja yaliyokwaruzwa, ile rangi ya juu tu, sehemu nyeupe ni chungu. Chokoleti nyeusi 200, matunda makavu 200. Ukikata madonge ya gramu 40 utapata kama 34.

Baraka: Shikamoo Shangazi. Na mwenye majarini tu?

Shangazi Rehema: Marahaba. Inafaa ile ngumu ya kipande, soma iandikwe mafuta asilimia 80 au karibu na hapo. Ile laini ya kopo ya kupaka mkate ina maji mengi, biskuti zitatandaa zishikane.

Mjomba Idi: Kabla hamjafika mbali, nizungumzie matunda, maana hapo ndipo biskuti hizi zinapoharibika. Tunda kavu kabisa likiingia kwenye donge linanyonya unyevu wake, na lile linalochungulia juu linaungua na kuwa chungu. Kwa hiyo yaloweke: mililita 150 za maji ya chungwa ya moto kwa gramu 200 za matunda, dakika 20. Chuja, kamua kwa mkono, kisha yatandaze juu ya taulo safi la jikoni nusu saa nzima. Ukilibonyeza tunda kwa vidole liwe laini lakini vidole visilowe.

Neema: Shikamoo Mjomba. Yale maji yanayobaki nisiyatie kwenye donge?

Mjomba Idi: Marahaba. Hata tone. Yanywe. Tunda linaleta maji na chokoleti haipatani na maji, kazi yote ya biskuti hizi ni kuvisuluhisha hivyo viwili. Yakishakauka yanyunyizie kijiko kimoja cha unga kutoka kwenye zile gramu 340 na uyachanganye, yatajitenga na kusambaa vizuri. Aprikoti na tende zikate ziwe na ukubwa wa zabibu. Kisu kikinata kipake mafuta kidogo.

Mama Tatu: Na matunda mabichi je? Stroberi zinapendeza kwa rangi.

Shangazi Rehema: Hapana wifi yangu. Stroberi ni maji kama asilimia 90, tufaha kama 85. Ndani ya oveni maji yale yanageuka mvuke, kila tunda linazungukwa na ute mbichi na sehemu iliyobaki inakuwa keki. Ukitaka rangi nyekundu tumia kranberi kavu au cheri kavu. Cheri zilizo kwenye sharubati zioshe kwa maji ya uvuguvugu, zikate katikati, uzikaushe saa nzima.

Baraka: [picha] Siagi yangu iko hivi, ilikuwa kando ya jiko. Nianze?

Shangazi Rehema: Usianze. Inang'aa juu na pembeni imeanza kutoa mafuta. Irudishe kwenye friji dakika 15. Inatakiwa nyuzi 18 hadi 20: kidole kiache shimo bila kuzama, na juu ising'ae. Ikishayeyuka haishiki hewa, biskuti zinatandaa kabla unga haujaiva.

Pendo: Shikamooni. Huku niliko ni baridi kali, jikoni nyuzi 15 tu. Siagi yangu ni jiwe.

Shangazi Rehema: Marahaba mwanangu. Ikate vipande vya sentimita moja, itandaze kwenye sahani karibu na mahali penye joto, si juu yake, nusu saa. Usiitie kwenye maikrowevu, inayeyuka katikati huku nje bado ngumu. Na mayai yatoe kwenye friji mapema. Yai la baridi likiingia kwenye siagi laini, siagi inaganda na mchanganyiko unakatika vipande vipande.

Neema: Kuipiga siagi na sukari muda gani?

Shangazi Rehema: Kwa mashine dakika 2 hadi 3, mpaka rangi ipauke kidogo. Usipitilize. Hii si keki. Hewa ikizidi, biskuti zinapanda halafu zinaanguka ziwe bapa. Mayai moja moja, kisha vanila na maganda ya chungwa. Unga, soda, chumvi na viungo vichekeche pamoja uvitie mwisho, ukoroge kwa mwiko. Usipoona tena unga mkavu, acha hapo hapo. Ukiendelea kukoroga unga unavutika, biskuti zinakuwa ngumu za kutafuna. Chokoleti na matunda yanaingia baada ya hapo, kwa kukunja tu.

Pendo: Shangazi, nina bekingi poda, soda sina.

Mjomba Idi: Niruhusu shemeji. Soda inahitaji asidi ili itoe gesi, na hapa asidi inatoka kwenye sukari ya kahawia. Soda pia ndiyo inayosaidia biskuti kupata ile rangi ya kahawia na kutandaa vizuri. Poda tayari ina asidi yake ndani. Weka vijiko 3 vya chai badala ya 1 cha soda, lakini zitakuwa nene zaidi na rangi yake nyeupe nyeupe. Zitalika vizuri tu. Ila mwenye soda asiongeze kijiko cha pili akidhani zitaumuka zaidi, zitakuwa na ladha ya sabuni.

Mama Tatu: Na soda iliyokaa kabatini muda mrefu?

Mjomba Idi: Nusu kijiko ndani ya siki kidogo. Ikichemka povu papo hapo, nzima. Poda ijaribu kwa maji ya moto.

Baraka: Chokoleti, vile vitone vya paketi au mche wa kukatakata?

Mjomba Idi: Mche, bila kusita. Vitone vingi vimetengenezwa visipoteze umbo, vina siagi ya kakao kidogo, ndiyo maana vinabaki vimesimama hata biskuti ikiiva. Mche ukikatwa kwa kisu unatoa vipande vikubwa, vidogo na unga unga wake, kila tonge lina chokoleti. Ruth Wakefield wa Massachusetts, anayetajwa kuwa wa kwanza kuoka biskuti za vipande vya chokoleti miaka ya 1930, alitumia mche uliokatwa. Matunda machachu kama kranberi yapeni chokoleti ya kakao asilimia 55 hadi 60. Zabibu na tende ni tamu sana, zinapenda ya 70.

Neema: Nimeandika yote. Donge likiwa tayari naoka hapo hapo?

Shangazi Rehema: Friji kwanza, saa moja kwa uchache, usiku mzima ndiyo vizuri zaidi. Siagi inaganda, unga unanywa unyevu, biskuti hazitandai ovyo. Lifunike, lisizidi siku mbili maana lina mayai mabichi. Usiku mmoja ukipita donge litakuwa gumu kuchota, kwa hiyo fanya madonge ya gramu 40 mapema, ndipo uyatie friji.

Mama Tatu: Na watoto wasilambe bakuli! Si mayai peke yake, unga mbichi nao unaweza kuwa na vijidudu vya kuumiza tumbo.

Baraka: Oveni yangu namba zimefutika kwenye kitufe. Na hata zikionekana siziamini.

Mjomba Idi: Fanya jaribio la sukari. Sukari nyeupe inayeyuka nyuzi 186. Weka kijiko kimoja kwenye foili, kwenye oveni iliyopata moto vizuri pale unapodhani ni 175, dakika 15. Ikibaki chembe chembe, sawa. Ikiyeyuka, oveni yako ina moto kuliko inavyosema, punguza. Kisha panda hadi unapodhani ni 190 na ujaribu sukari mpya: safari hii iyeyuke. Isipoyeyuka, oveni iko chini. Ukishapata mahali pake weka alama kwa kalamu ya wino usiofutika.

Baraka: Hiyo naifanya leo leo.

Shangazi Rehema: Nyuzi 175, yenye feni 160. Trei ya katikati, karatasi ya kuokea, nafasi ya vidole vitatu kati ya donge na donge. Dakika 12 hadi 13 yakitoka friji. Zitoe pembeni zikiwa zimeshika na zina rangi, katikati bado panaonekana pabichi kidogo. Usizirudishe! Trei ya moto inaendelea kuziivisha. Ziache dakika 8 juu ya trei, kisha zihamishie kwenye waya wa kupozea. Ukisubiri katikati pakauke ndani ya oveni, kesho yake ni kokoto.

Shangazi Rehema: Na trei ya pili isiwe ya moto. Donge likiguswa na bati la moto siagi inayeyuka chini kabla ya juu kuiva. Tumia trei mbili kwa zamu, au ipitishe kwenye maji ya baridi na uifute ikauke. Trei nyeusi zinaunguza chini, punguza nyuzi 10.

Pendo: Nataka kuchovya nusu ya kila biskuti kwenye chokoleti. Mara nyingi chokoleti inapauka, inakuwa na michirizi ya kijivu.

Mjomba Idi: Hayo ni mafuta ya kakao yamepanda juu kwa sababu haikupozwa kwa utaratibu. Haidhuru kuliwa ila haipendezi wala haikatiki kwa mlio. Chukua gramu 300, yeyusha 200 juu ya mvuke hadi 45 au 50, bakuli lisiguse maji. Ondoa motoni, ufute chini ya bakuli, kisha utie ile 100 iliyobaki vipande vipande ukikoroga mpaka ishuke 31 au 32. Kipimajoto hapa si anasa. Chovya ncha ya kisu, iache dakika 5. Ikiwa imekauka na inang'aa, anza kuchovya.

Pendo: Tone la maji likiingia?

Mjomba Idi: Inagandamana kama mchanga uliolowa, na kwa kuchovya imekwisha. Usiitupe. Ongeza maziwa ya moto, kijiko kimoja cha mezani kwa kila gramu 60, koroga mpaka ilainike, unapata rojo la kumiminia keki. Na biskuti zipoe kabisa kwanza, kisha zikaukie mezani, si kwenye friji. Zikitoka friji unyevu unatua juu, sukari inayeyuka na kuacha madoa meupe.

Neema: Naweza kuoka mapema zikae hadi Mwaka Mpya?

Shangazi Rehema: Zilizookwa, kopo lenye mfuniko wa kubana, karatasi kati ya tabaka na tabaka, kama wiki moja. Usizichanganye na biskuti kavu kwenye kopo moja, unyevu wa matunda utazilainisha zile kavu. Kwa siku nyingi zaidi gandisha madonge mabichi. Yatandaze kwenye trei ndani ya friza mpaka yawe magumu, ndipo uyatie mfukoni, la sivyo yatashikana. Miezi miwili hadi mitatu hayana shida. Oka bila kuyeyusha, ongeza dakika 1 au 2.

Mama Tatu: Kuna watoto wasioweza karanga. Tuoke fungu lao kwanza?

Shangazi Rehema: Ndiyo, kabla jikoni hapajaguswa na karanga wala lozi. Trei na miiko ioshwe, kopo liwe la peke yake lenye jina. Na Neema soma karatasi ya chokoleti yenyewe, nyingi zinaandikwa kuwa zimetengenezwa mahali panapotumia karanga. Ikiandikwa hivyo, kwa fungu hilo tafuta nyingine.

Neema: Yangu imeandikwa hivyo. Nabadilisha kesho.