Mwanafunzi kaniuliza: kama mazingira ndo yanachagua, kiumbe chenyewe kinafanya nini? Naombeni ushauri

Mwl_wa_Baio:
Habari za jioni wakuu. Nafundisha baiolojia madarasa ya juu ya sekondari na kuna jambo linaninyima raha tangu juzi. Nilikuwa kwenye evolusheni, nimeeleza kwamba viumbe wa jamii moja wanatofautiana, baadhi ya tofauti zinarithiwa, wenye tofauti zinazowafaa wanaacha watoto wengi, basi vizazi vinavyokwenda jamii nzima inabadilika, na hapo ndo tunasema uchaguzi wa asili. Binti mmoja kakaa kimya mpaka mwisho alafu kanyoosha mkono: "Mwalimu, mazingira yanachagua, jeni zinarithiwa, sasa kiumbe chenyewe kinafanya nini?"

Nikajibu harakaharaka kwamba viumbe wana uhuru wao, wanajiendesha, sio mawe. Jana nasahihisha madaftari nakuta wanne wameandika twiga alitumia uhuru wake kurefusha shingo. Kosa lilelile la kudhani mnyama anabadilika kwa kutaka mwenyewe, ninalopambana nalo kila mwaka, safari hii limetoka mdomoni kwangu na imeniuma.

Ila swali la yule binti naliona ni la haki kabisa. Nikimwangalia mjusi anatoka kivulini anaenda kuota jua, akishapata moto anarudi kivulini, sioni kitu kinachofanywa, naona kitu kinachofanya. Ijumaa nina kipindi cha marudio dakika 40. Nitumie neno gani la Kiswahili, na niwaonyeshe nini wakione kwa macho yao wasirudi tena kwenye mambo ya twiga?

Kichuguu:
Mwalimu kwa heshima zote mimi ningeliacha. Kwa ngazi yao jeni na mazingira vinatosha. Ukianza kusema kiumbe kinajiamulia watasikia nia na matakwa, utapata twiga wengine kumi kwenye madaftari.

Hadubini77:
Sikubaliani na Kichuguu hapo juu, maana kama wanasikia nia basi tatizo ni neno uhuru sio jambo lenyewe. Mwalimu waanzishie kwa kiumbe ambacho hakuna mtu atakidhania kina nia. Chukua maji ya dimbwi yaliyokaa na majani makavu siku kadhaa, tone moja chini ya hadubini, tafuta paramesiamu, kiumbe cha seli moja tu, yule mwenye umbo kama soli ya kandambili. Anakimbia sana kwa hiyo tandaza nyuzi chache za pamba akwame humo. Akitulia angalia ndani ya mwili wake, karibu na kila ncha, utaona kiduara cheupe kinakua taratibu, kinakua, alafu pap, kimepotea. Subiri kidogo kinaanza upya.

Ile ni pampu. Maji ya dimbwi yana chumvi kidogo kuliko ndani ya seli, kwa hiyo maji yanaingia kupitia utando usiku na mchana na asipoyatema atavimba mpaka apasuke. Sasa ongeza chumvi kidogo sana kwenye lile tone, utaona muda kati ya pigo na pigo unarefuka kwa sababu maji yanaingia polepole. Wape saa wahesabu wenyewe kabla na baada. Hana ubongo wala mshipa wa fahamu lakini nje pamebadilika na yeye karekebisha kazi yake ili ndani pabaki palepale. Yule binti jibu lake linadunda pale mbele ya macho yake.

Nje_na_Ndani:
Nichangie upande wa neno maana hapo ndo mwalimu aliteleza. Uhuru achana nalo. Kujitegemea nalo linadanganya, hakuna kiumbe kinachojitegemea, hata mti unaishi kwa mwanga na hewa na maji kutoka nje yake. Mimi natumia KUJITAWALA. Nchi inayojitawala inanunua na kuuza nje, wageni wanaingia na kutoka, ila nani aingie na kwa masharti gani inaamuliwa ndani. Utando wa seli ndo mpaka wa namna hiyo.

Na jiandae, kuna mtoto atasema friji nayo inajizima yenyewe ikishapoa kwa hiyo inajitawala. Ni swali zuri, usilikatize. Friji haijatengeneza mlango wake, haijachagua ubaridi wake, ukiikata umeme wiki nzima ukairudisha inaendelea kama kawaida. Seli inatengeneza utando wake yenyewe, na utando huohuo ndo unaowezesha zile kazi zinazotengeneza utando, ukisimamisha mzunguko huo hakuna tena cha kuwasha. Mwanafalsafa Immanuel Kant aliliona hili mwaka 1790, kwamba kwenye kiumbe hai sehemu zinazalishana, tofauti na saa ambayo gurudumu moja halizai jingine. Miaka ya mwanzo ya 1970 wanabaiolojia wawili wa Chile, Humberto Maturana na Francisco Varela, wakalifanya ndo maana yenyewe ya uhai, wakaliita autopoyesisi, yani kujiumba.

Mdadisi_wa_Tegu:
Naongeza tahadhari moja. Kuna wanaoona kujitawala ndo mwelekeo wa evolusheni yote. Mwanabaiolojia Mjerumani Bernd Rosslenbroich aliandika mwaka 2014 kwamba kwenye mageuko makubwa kuongezeka kwa kujitawala kunajirudia rudia, na mifano ipo kweli, yai la reptilia lina maji yake ndani kwa hiyo mama hana haja ya kurudi mtoni kutaga, ndege na mamalia wanachemsha damu yao wenyewe hivyo wanazunguka hata usiku wa baridi wakati mjusi wako mwalimu kaganda anasubiri jua.

Lakini mkumbuke tegu. Mababu zake walikuwa na mdomo na utumbo, yeye hana vyote, kakaa kwenye utumbo wa mwenzake anafyonza chakula kupitia ngozi. Na uchaguzi wa asili haujamwadhibu, anataga mayai mengi mno. Au angalieni mitokondria, vile visehemu ndani ya seli vinavyoipa nguvu, alikuwa bakteria anayeishi kivyake, mwanabaiolojia Lynn Margulis alilitetea hilo mwaka 1967 wakati wengi hawalitaki, leo linafundishwa kila mahali. Mitokondria ya binadamu imebaki na jeni 37 tu, haiwezi tena kuishi peke yake, ila seli iliyoibeba ndo imezaa wanyama na mimea. Mitokondria kapoteza, seli iliyombeba imepata. Kwa hiyo usiwachoree ngazi yenye bakteria chini na binadamu juu.

Mwl_wa_Baio:
Asanteni sana, kujitawala nalichukua na friji naichukua. Ila Hadubini77, paramesiamu anajitunza tu pale. Evolusheni inaguswa wapi? Yule binti atauliza, namjua.

Shamba_la_Baba:
Mwalimu hapo mlete nyungunyungu. Kwa mambo ya kutunza maji na chumvi mwili wake bado unafanana na wa mnyama wa maji baridi, nchi kavu ilitakiwa imkaushe. Sasa badala ya mwili wake kugeuka sana anaugeuza udongo. Anachimba njia, anazipaka ute, anaburuta majani kuyaingiza shimoni, kinyesi chake kinashikanisha chembe za udongo mpaka maji yanakaa mahali anapoweza kuyapata. Darwin mwenyewe alimfuatilia miaka mingi akachapisha kitabu juu yake mwaka 1881.

Uchaguzi wa asili uko palepale haujaenda popote. Ila nyungunyungu wa leo anazaliwa kwenye udongo uliolimwa na waliomtangulia, kwa hiyo mazingira yanayomchagua kwa sehemu kubwa ni kazi ya ukoo wake. Mwanabaiolojia Richard Lewontin alilisema hili wazi mwaka 1983, kiumbe ni mtendwa na mtendaji wa evolusheni kwa pamoja. Hakuna nyungunyungu aliyeamua wajukuu wake wawe na figo gani, yeye kaishi maisha yake tu na kuishi kwake kumebadilisha nini kitafaa na nini hakitafaa.

Twiga umrekebishe hapohapo. Hakujirefusha shingo. Anachofanya ni kwenda kula juu, na kule anakokula ndiko urefu wa shingo unakuwa na maana. Angekuwa anakula nyasi tu shingo ndefu isingemsaidia chochote kwenye chakula.

Kichuguu:
Hilo la twiga limenigeuza, nafuta nilichosema. Sikuwahi kufikiria kwamba kabla ya mazingira kuchagua shingo, mnyama mwenyewe kashapeleka mdomo mahali fulani.

Mwl_wa_Baio:
Basi Ijumaa naanza na hadubini, friji katikati, nyungunyungu mwisho, tegu nampeleka kwenye kazi ya nyumbani, na wale wanne nitawaomba waandike upya ile sentensi ya twiga wenyewe. Hadubini77 nisaidie moja, chumvi kidogo ni kiasi gani? Sitaki niwaue mbele ya darasa.

Hadubini77:
Usiweke punje moja kwa moja. Yeyusha pembeni kwanza, iwe maji ambayo ukionja chumvi huisikii vizuri, alafu gusisha tone dogo ukingoni mwa kioo kile cha juu liingie lenyewe taratibu. Ukiona wananywea na ngozi inajikunja umezidisha, osha kioo, anza na tone jingine. Na hesabu mapigo ya paramesiamu yuleyule mmoja, usiruke kwa mwingine, kila mmoja ana mwendo wake.