Naombeni njia ya baiskeli ya rafu rodi Trossachs, siku mbili, yenye mtandao wa simu

Kibirizi_G (mtoa mada)
Habari za muda huu wakuu, heshima kwenu. Niko Glasgow huku Scotland. Kazini kuna jamaa wanaendesha zile baiskeli za rafu rodi, usukani umejikunja kama za mashindano ila tairi nene, na mimi nimechukua yangu nakatwa kidogo kidogo kwenye mshahara. Mwisho wa mwezi huu wa tano tunaenda Trossachs, hilo eneo la vilima, misitu na maziwa kaskazini mwa Glasgow, Jumamosi tunalala Callander, Jumapili tunarudi, na mimi ndo nimepewa kazi ya kuchagua njia. Naomba ya vilima vya kawaida siyo vya kuua mtu, ipite pembeni ya maziwa, na muhimu kuliko vyote iwe na mtandao muda wote halafu iwe rahisi kukatisha nikarudi Glasgow haraka ikibidi. Silali vizuri kwa ajili ya hili jambo. Natanguliza shukrani.

Chumvi Nyingi
Yaani mtu ametoka Bongo kukimbia rafu rodi, kafika Ulaya anakatwa mshahara apande rafu rodi 😂😂

Fundi Gia
Achana nao mkuu, umefika penyewe. Pandeni treni Glasgow mpaka Balloch, mkishuka fuateni vibao vya bluu vyenye namba 7, ile njia ya taifa ya baiskeli inayokwenda mpaka Inverness. Itawapitisha Drymen halafu msitu wa Loch Ard (loch huku ndo ziwa) mpaka Aberfoyle. Humo msituni ni barabara za malori ya magogo, changarawe imeshindiliwa vizuri, raha tupu. Aberfoyle kuleni mshibe maana hapo ndo kilima kinaanza, mkipanda mnaingia tena msituni mnapita Loch Drunkie mnatokea Loch Venachar, ziwa linakuwa kushoto kwenu mpaka karibu na Callander. Tairi milimita 40 zinatosha, upepo usijaze kama unaenda kwenye lami utarushwa kama mahindi kwenye kikaango.

Jumapili mkiwa na nguvu nendeni Loch Katrine. Barabara ya upande wa kaskazini, kutoka Trossachs Pier mpaka Stronachlachar, ni kama kilomita 21, ni lami ila magari ya watu wa kawaida hayaruhusiwi, vilima vya kupanda na kushuka tu muda wote, mkifika mnarudi na boti inabeba baiskeli, kateni tiketi mapema. Hayo maji ndo unayooga hapo Glasgow, yanakuja kwa mfereji na mahandaki tangu 1859, Malkia Victoria ndo alifungulia.

Ila mtandao muda wote? Hiyo sahau. Kuna sehemu huko simu inakuwa tochi.

Mwana wa Usangi
Mmenikumbusha mjomba wangu, alikuwa anashusha ndizi kutoka Usangi mpaka barabara kubwa na Phoenix, mikungu nyuma mpaka yeye mwenyewe haonekani, breki zilishakufa zamani akawa anafunga breki kwa ndala, anaikandamiza kwenye tairi la nyuma na kisigino moshi unatoka. Halafu leo unaambiwa huo mchezo wazungu wanaulipia na kofia wanavaa. Mjomba alikuwa mbele ya muda wake.

Ticha Mstaafu
Vijana wa siku hizi baiskeli kwa mkopo. Sisi tulinunua kwa pamba.

Mama Shufaa
Mwanangu Kibirizi mimi ya baiskeli siyajui, ila nimesoma mara mbili. Mtandao muda wote wa nini? Na kurudi haraka kwa nini? Mtu anaenda matembezi anataka azime simu apumzike, wewe unataka iwake.

Kibirizi_G
Mambo ya kifamilia tu mama yangu, kawaida. @Fundi Gia asante sana mkuu, hapo Loch Katrine ndo hakuna kabisa au unashika mstari mmoja?

Fundi Gia
Inategemea na laini yako, ila usiweke maisha ya mtu kwenye mstari mmoja.

Mama Shufaa
Hujanijibu.

Jaluo wa Leith
Boss, niko Edinburgh. Fundi amekushow poa. Ongeza tu net ya kichwa, mwisho wa mwezi wa tano usubi wameanza, ukisimama karibu na maji kama hakuna upepo wanakumaliza. Na hizo downhill za changarawe uziheshimu. Sule Kangangi, Mkenya wetu, alikuwa pro wa baiskeli, alianguka kwa race ya gravel huko Vermont, Marekani, 2022 tukampoteza. Sikutishi, nasema tu breki ziangaliwe na fundi, na usifuate speed ya wenye wamezoea.

Chumvi Nyingi
Mama Shufaa anangoja jibu na mimi nimekaa na bisi zangu 🍿

Kibirizi_G
Sawa. Mke wangu ni mjamzito, ndo wa kwanza, tarehe aliyopewa ni Jumanne. Ile Jumanne baada ya hiyo Jumapili. Lakini naomba msinirukie kabla hamjaelewa, mkunga mwenyewe alituambia mimba ya kwanza mara nyingi inapitiliza, halafu chumba Callander nimeshalipia na hela hairudi, halafu yule msimamizi wangu ndo kiongozi wa msafara na mkataba wangu wa kudumu uko mezani kwake. Na dada yake mke wangu anakuja kulala naye. Kwa hiyo siyo kwamba namtelekeza, naomba njia tu.

Mama Shufaa
Yeye anajua?

Kibirizi_G
Anajua naenda baiskeli.

Mama Shufaa
Anajua unalala?

Kibirizi_G
Nitamwambia wiki hii.

Ticha Mstaafu
Hili ndilo tatizo la kulea watoto kwenye masofa. Mwanaume mke ana siku mbili ajifungue yeye anatafuta ziwa. Kwetu sisi wakati huo mwanaume hatoki hata kwenda kilabuni.

Mwana wa Usangi
Ticha usitudanganye, wakati wenu mlikuwa mnapelekewa habari mtoto ameshaota meno. Mimi kifungua mimba wangu alizaliwa niko Tunduma na lori, nilikuja kumwona baada ya wiki nyingi na mama yake mpaka leo akinikasirikia anaanzia hapo. Kibirizi hiyo hesabu hailipiki, nakwambia kama ndugu.

Fundi Gia
Mimi narudi kwenye njia. Kama lazima uende basi usilale. Panda na gari la mtu mpaka Aberfoyle asubuhi, piga huo msitu wa Loch Ard mzunguko mfupi, mchana uko nyumbani. Na ukikuta kibao cha wakata miti njia imefungwa geuka, Scotland sheria ya 2003 inakuruhusu kupita karibu kila mahali kwa baiskeli ila siyo chini ya mti unaoanguka.

Kibirizi_G
Nikiishia njiani nitaonekana mlegevu mkuu. Nimepanga hivi, akinipigia nachukua treni ya Callander saa hiyo hiyo, saa moja na nusu niko Glasgow.

Mchambuzi Huru
Simameni hapo. Treni ya Callander? Reli ya Callander ilifungwa 1965, sehemu ya tuta lake kuelekea Strathyre pembeni ya Loch Lubnaig ndo hiyo mnayopitisha baiskeli leo. Stesheni za karibu ni Dunblane na Stirling. Mtu amepewa kazi ya kuchagua njia, amelipia chumba, na hajui kwamba hakuna treni? Nikaingia kwenye profaili yake. Mwaka jana huyu huyu alikuwa kwenye jukwaa la mahusiano anatafuta mchumba, "awe mcha Mungu na asiwe mrefu sana". Kabla ya hapo anauza kiwanja Kigamboni. Wakuu hii ni chai, tena ya maziwa.

Chumvi Nyingi
Kiwanja kilishauzwa? 😂 "asiwe mrefu sana" nimekufa mimi

Kibirizi_G
Hii ID tulikuwa tunatumia na binamu yangu, mchumba alikuwa anatafuta yeye. Kiwanja ni cha baba. Na treni nilimaanisha teksi mpaka Stirling halafu treni. Mkitaka nipige picha kadi ya kliniki?

Ticha Mstaafu
Usiweke kadi ya mkeo mtandaoni. Hata kama mke hayupo.

Jaluo wa Leith
Mwaka mmoja inatosha kupata mchumba, kuoa, na hiyo tumbo. Hesabu inakubali. Wacheni jamaa.

Mchambuzi Huru
Inakubali kwa mwendo wa kushuka mlima bila breki.

Dada wa Paisley
Jamani iwe chai isiwe chai, mimi njia nimeinakili. Hivi Loch Katrine baiskeli za kukodi zipo? Nina watoto wawili.

Fundi Gia
Zipo dada, pale pale Trossachs Pier. Na watoto wala usizunguke lote, nendeni kidogo mgeuze, mwanzoni pametulia.

Mama Shufaa
Mtoa mada umenyamaza. Umeongea na mkeo?

Kibirizi_G
Nipo mama. Bado, leo yuko kazini. @Fundi Gia samahani mkuu, hiyo boti Jumapili ya mwisho inaondoka saa ngapi?